Gobori Lililoloa Ukweni

Mwezi huu nimetundika tupa yangu ukutani, na safari hii siishushi. Jicho la kulia limeingia ukungu, la kushoto linasaidia shingo upande, na mtu asiyeona tundu la sindano hana kazi mbele ya bunduki. Ndugu zangu mliobaki karakana hapa Kivinje mmeniomba niwaandikie niliyoyajua juu ya magari na bunduki. Haya, naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nilipokea nini mwisho wa mwezi, afunge daftari hili mapema, maana hayo hayajamfundisha mtu kunyoosha msumari.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa magari. Bunduki zilinifuata zenyewe. Gari lina adabu: likitaka kuharibika linalia kwanza, siku mbili tatu, na dereva asiyesikia ni mpuuzi. Bunduki hainung'uniki. Leo iko kimya, kesho iko kimya, keshokutwa inampasukia mtu usoni. Hizi lori zenu za siku hizi nazipenda, sitaki uongo, ijapokuwa zinakunywa kupita mlevi na dereva akishika usukani haamkii mtu. Lakini mkiniambia nichague chombo kimoja cha kwenda nacho popote, nitachagua gari la mninga la magurudumu mawili. Likizama kwenye tope watu wanne wanalitoa, na halihitaji mtu wa kulibembeleza asubuhi ndiyo liwake.

Nilianza kazi kwa Fundi Mbaraka, mtu wa Pande, mfupi, mwenye sauti ya kuwasikilizisha walio ng'ambo. Wadachi, hawa mnaowaita Wajerumani, walikuwa ndiyo kwanza wamekaa sawasawa bomani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kazi unaijua?"

"Naijua kidogo."

"Basi huijui. Kaa pale."

Akanipa tupa na kipande cha chuma, nikakisugua mpaka adhuhuri bila kuambiwa kinataka kuwa nini. Mpaka leo sijui. Alasiri tukavisha gurudumu pete yake ya chuma. Pete inachomwa mpaka inawiva, inapanuka, inavikwa juu ya mti, kisha inamwagiwa maji ili isinyae na kuuma. Mimi nilipoona mti unatoa moshi nikababaika, nikamwaga ndoo nzima kabla ya wakati. Pete ikauma upande mmoja, upande wa pili ikabaki wazi.

"Nani kakwambia umwage?"

"Niliona moshi, Fundi."

"Ukiona moshi unamuuliza fundi. Fundi akiwa hayupo, unaliuliza gurudumu. Wewe umemuuliza nani?"

Tulilivua, tukaanza upya. Mwenye gari alipokuja, Mbaraka akamwambia mbele yangu na mbele ya watu wote kwamba lile gurudumu lilikosewa mara moja na limerudiwa, na upande upi utazamwe. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Baadaye akaniambia ndiyo desturi ya nyumba yake: chombo chenye ila hakitoki mlangoni kimyakimya. Ukiiona, unaitamka, hata mwenyewe awe nani. Miaka mingi niliishika desturi ile. Niliiacha siku moja tu, na ya siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika.

Niwape maoni yangu juu ya bunduki kabla sijafika huko. Gobori la jiwe, lile la kupiga cheche, nililikuta limeshazeeka. Lilifaa kutishia nyani, tena nyani mgeni. Gobori la fataki ndilo lililokuwa bunduki ya watu wetu. Unamimina baruti mdomoni mwake, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Kisha huku nyuma unavisha fataki juu ya kifa, kile kichuchu chenye kitundu cha kupeleka moto ndani. Roho ya gobori iko kwenye kifa. Kikiziba au kikiloa, umeshika fimbo.

Bunduki za askari wa Wadachi, za risasi zenye maganda ya shaba, nilizitengeneza pia, na wapo walionisema kwa hilo. Sikuzipenda hata siku moja, wala sikuzidharau. Manyunyu yanayoliua gobori hayazisumbui kabisa. Na ile ya kumwaga risasi mfululizo, watu wakiiita bombomu, niliiona mara moja imefunguliwa vipande mezani. Niliitazama mikono ikiwa nyuma. Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Mbaraka alifariki, Mungu amrehemu, nami nikabaki na jiliwa lake na mivukuto yake. Nikamwoa Somoe, binti wa huko bara, milima ya Matumbi, na pamoja na Somoe nikampata shemeji yangu Mbonde, kaka yake. Mbonde alikuwa mwindaji, mrefu, mtu wa kucheka kwa kujipiga mapaja. Gobori lake nililitia tako jipya mwenyewe. Kila akishuka Kivinje ananiita mla samaki, mimi namwita mla panya, Somoe anatuambia wote wawili tule tulichopewa.

Halafu ikaja pamba. Ninyi mnaijua pamba ya nguo. Ile ilikuwa pamba ya kiboko: watu wanalimishwa shamba la serikali, na mashamba yao wenyewe yanaota majani. Ya kubebea pamba yakaletwa magari ya magurudumu manne, mazito, yaliyotengenezwa kwa barabara za kwao. Ng'ombe wa kuyavuta wakafa kwa mbung'o. Basi gari lililotakiwa kuvutwa na ng'ombe wanane likafungwa kamba, likavutwa na watu. Mimi mpenda magari nasema wazi, lile nililichukia tangu tairi mpaka ubao. Likavunjika ekseli huko huko Matumbi, nikatumwa kulitengeneza, na kwa kuwa palikuwa karibu na ukweni, nikafikia ukweni.

Ninyi siku hizi mnawaamkia wakwe zenu huku mnatafuna. Sisi ukweni tuliingia tumeinama. Mama mkwe humtazami usoni, humkatizi, hubishani mbele yake na mtu yeyote wa nyumba yake, hata akisema jua linachomoza Lindi na kuzama Kilwa. Unasema, "Naam, mama." Nilikuwa mkwe mzuri sana, na mjue kwamba hapo sijisifu.

Asubuhi ile alikuwa amefika mjumbe wa dawa. Habari za dawa zilishatufikia hata Kivinje: maji ya kuzigeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Watu walipangwa uani, wakanyunyiziwa, wakanyweshwa, maji yamechanganywa na mtama. Sasa, wawindaji wa kule wana desturi yao. Dawa yoyote ya mwindaji anaoga yeye na bunduki yake, kwa sababu wanahesabiwa mwili mmoja. Basi Mbonde alipofika zamu yake akalisimamisha gobori kando yake, nalo likanyunyiziwa, mdomoni, kwenye mtambo, mpaka takoni. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona ajabu wakati ule.

Wazee wakasema dawa ijaribiwe. Kikatundikwa kibuyu juu ya kisiki, kikafunikwa kitambaa kilicholowa dawa. Mbonde akanijia na gobori lake.

"Shemeji, wewe ndiye fundi. Jaza wewe, piga wewe, tusije tukaambiwa tumedanganyana."

Nikajaza. Nikalenga. Fataki ikalia ta! Kisha mtutu ukatoa sauti ya mtu anayepuliza uji, fyuu, basi. Risasi haikutoka. Lo! Uwanja mzima ulilipuka. Vigelegele vya mama mkwe nilivisikia juu ya vigelegele vya wote. Nikaliinamisha gobori, na tone la maji lenye ungaunga wa mtama likanitiririkia kidoleni kutoka kwenye kifa.

Nilijua palepale. Hakuna fundi ambaye asingejua. Waliijaribu dawa kwa bunduki ile ile waliyoiogesha dawa. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno manane tu. Mbonde alikuwa amenikumbatia, anapaza sauti: "Fundi amepiga mwenyewe! Fundi wa Kivinje!" Na mama mkwe yuko hatua tatu, anafuta machozi ya furaha. Nikainama. Nikasema, "Naam." Nikaenda kutengeneza ekseli yangu.

Niliporudi Kivinje nikamsimulia Somoe, aliacha kupeta mchele.

"Ukanyamaza?"

"Mama alikuwepo."

"Mama alikuwepo! Na kaka yangu je? Hakuwepo?"

Siku chache baadaye zikaja habari kwamba kule milimani watu wameng'oa pamba. Vita vimeanza. Na wapita njia wakawa wanasimulia kuwa dawa ni ya kweli, fundi bunduki wa Kivinje aliijaribu kwa mkono wake akashindwa. Nililisikia hilo kutoka kwa mtu asiyenijua, amesimama mlangoni pa karakana yangu mwenyewe. Hapo nikakata shauri. Nikasema nitakwenda kumrudisha Mbonde, nikimkokota ikibidi, na aliyeko huko asikie ila ya lile gobori, mkwe awepo asiwepo.

Nilichukua ufunguo wa kufungulia kifa, manyoya ya kuku ya kusafishia, nta, na pembe ya baruti kavu niliyoiziba mwenyewe. Nikaswali alfajiri, nikashika njia. Somoe hakuniambia nenda wala usiende. Alinifungia mihogo.

Siku ya pili njiani nikazuiwa na watu wenye mikuki, wamejifunga majani ya mtama kichwani.

"Maji!"

"Maji," nikajibu.

"Huyu namjua," akasema mmoja mwenye gobori. "Anatengeneza bunduki za Wadachi."

"Ndiye. Na hilo lako, tako hilo kakutilia nani?"

Akalitazama tako, akanitazama mimi. "Wewe."

"Basi nipishe. Nakwenda ukweni."

Wakacheka, wakanipisha.

Nilifika saa za asubuhi, watu wamejaa uani, wanaimba, wanajiandaa kuondoka kwenda vitani. Nikawaamkia wakubwa. Sikuinama. Nikasema kwa sauti, nikiiga ile ya Mbaraka, kwamba nimerudi kutamka ila niliyoiona na kuinyamazia: gobori lilinyamaza kwa sababu lililoa, dawa haikuzuia kitu. Nikaomba kibuyu, nikaomba kitambaa, nikaomba wakichovye dawa wenyewe mpaka waridhike. Kisha nikafungua kifa cha gobori la Mbonde mbele yao, nikakipuliza, nikapitisha unyoya, nikaukausha mtutu, nikajaza baruti yangu. Likalia. Kibuyu kikaruka vipande, kitambaa kikabaki na tundu la kupita kidole.

Mjumbe wa dawa akasema nimevunja mwiko, nimelala na mwanamke.

"Nimelala na viroboto njiani," nikamwambia. "Hakuna mwingine aliyenitaka."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe ndiye aliyezungumza. "Mwanangu, umekuja kuniaibisha mbele ya watu?"

Nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Nimekuja ili usimzike mwanao, mama."

Akageuka akaingia ndani. Nao vijana, mtaniamini? Wakaanza kuimba tena. Nilitegemea watu watanishukuru, au watanipiga. Sikutegemea kupuuzwa. Mbonde peke yake alikiokota kitambaa, akapitisha kidole chake tunduni, akanivuta nyuma ya ghala.

"Niliamini, shemeji," akasema. "Wallahi niliamini."

"Sasa umeona. Twende zetu Kivinje. Somoe anakungoja."

"Nikafanye nini Kivinje? Nilivute lile gari uliloliponya?" Akainua shuka akanionyesha mgongo. Sitaandika nilichokiona. "Mimi siendi kwa sababu ya maji. Kwa maji ningekwenda nikicheka, basi."

"Utakufa."

"Huenda. Lakini wale wanakwenda, na walikuamini ulipokosea kuliko ulipopatia. Ndivyo ilivyo. Angalau kati yao awepo mmoja aliyeliona tundu." Akanikabidhi gobori. "Kama maji hayazuii risasi, nitengenezee bunduki."

Nimeulizwa mara nyingi na Somoe, na mara nyingi zaidi na nafsi yangu, kwa nini sikukataa. Ningeweza kukiharibu kifa pale, mtu asijue. Mkono ulikwenda huko, nakiri. Lakini nilishamdanganya mara moja kwa kunyamaza, sikuweza kumdanganya mara ya pili kwa tupa. Nikakaa chini. Nikaunyoosha mtambo, nikakichimba kifa upya, nikakitengenezea kifuniko cha ngozi na nta ili umande usikiguse. Nikampa pembe yangu ya baruti. Sijafanya kazi safi kuliko ile, na nilikuwa nalia wakati naifanya.

Nilirudi peke yangu. Somoe alinikuta mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Amekataa."

"Na bunduki?"

"Nimeitengeneza. Inapiga."

Akakaa kwenye kizingiti.

Ya vita mmeyasikia kwa wazazi wenu, sina haja ya kuyarudia. Mashamba yalichomwa, njaa ikaingia, watu wakala mizizi. Walionusurika wakawa wanashuka pwani mmoja mmoja, mifupa inatembea. Siku moja mchana akabisha hodi mwanamume anayechechemea, akamuuliza Somoe jina lake, akasema alikuwa na Mbonde. Somoe akampa uji kwanza. Akamngoja amalize, nami nimekaa kando yao.

"Bombomu lilipoanza," akasema yule mtu, "sisi tulikuwa tumesimama, tunaita maji, maji. Mbonde akatuangusha tuliokuwa karibu naye. Mimi alinipiga teke. Akapaza sauti: 'Laleni, nimeliona tundu, laleni!' Tulikuwa sita. Tukalala. Sita tuko hai, dada."

"Na yeye?"

"Alilala nasi. Akapiga. Bunduki yake ilikuwa nzuri ajabu, za wenzetu nyingi zilikataa, yake haikukataa. Akasimama kushindilia, akalala, akapiga tena. Akasimama tena." Akakigeuza kikombe. "Ya tatu hakumaliza. Ingekataa ile bunduki, angekaa chini pamoja nasi."

Hakujua anamwambia nani. Somoe alijua, akanitazama, wala hakunitazama vibaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Gobori linajazwa kwa mdomo. Mdeki ni mrefu. Mtu anasimama ashindilie, ndivyo tulivyofundishwa wote. Nilifikiria kifa, nilifikiria umande, nilifikiria baruti. Mtu mwenyewe atashindiliaje huku anapigwa, hilo halikunijia.

Kesho yake sikwenda karakana. Nilichukua gobori moja la kuulia nguruwe, nikatia mchanga mkavu badala ya baruti, nikalala uani kwa ubavu. Tako nikalibana katikati ya nyayo, mtutu nikauelekeza pembeni mwa bega, nikavuta mdeki polepole, sentensi mbili tatu za dua kila hatua. Mara ya kwanza nilimwaga. Ya pili nikajikwaruza shavu. Nilishinda pale chini mpaka jua likawa juu kabisa, kanzu imekuwa udongo mtupu. Mwisho nikashindilia kitambaa mpaka ndani, sikuinua kichwa hata kimo cha ngumi.

Somoe alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Kumbe inawezekana," akasema.

"Inawezekana."

Akaja akaokota mdeki, akaupangusa mchanga kwa kanga yake, akanirudishia mkononi. "Basi wafundishe."

Tangu siku ile hakuna gobori lililotoka mlangoni pangu kabla mwenyewe hajalala chini akalijaza mbele yangu, awe mzee, awe sheikh, awe na kanzu mpya ya Idi. Nanyi wote nimewalaza kwenye vumbi la karakana, mmoja mmoja, mkacheka, mkaniuliza Fundi, ni nguruwe gani huyo anayepiga risasi. Nilikuwa siwajibu. Nilikuwa nawaambia lala tena.